Jina la Mwisho Kwenye Orodha

Jumapili, tarehe 8 Machi

Bibi yangu, shikamoo.

Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wako, na nimemwomba dada mhudumu wa ndege, yule mwenye mwanya, akukumbushe kuisoma mkishapaa. Nikikuambia kwa mdomo utanijibu kabla sijamaliza. Simu nayo ndiyo hivyo, haijawahi kupatana na sikio lako, na laini yako haishiki huko uendako. Kwa hiyo tutaandikiana. Ndege yetu inatua kwenye huo mji wa katikati, utakapobadilisha ndege, kila siku saa sita mchana na kugeuza saa nane. Dada mwenye mwanya na wenzake watatubebea barua.

Sasa nisikilize. Tiketi yako si kama za watu wengine, ni ya mgeni wa mfanyakazi. Waliolipa wanakaa kwanza. Kiti kikibaki ndipo wanaitwa walio kwenye orodha ya kusubiri nafasi, na humo wanatangulia wafanyakazi wa miaka mingi na wake zao na waume zao, kisha wadogo, kisha wageni. Mimi nina miaka miwili tu kwenye kaunta, kwa hiyo jina lako litakuwa chini kabisa. Kutoka hapa hadi katikati nafasi ipo, nimehakikisha. Kutoka katikati kwenda kwa mama, ndege ni moja kwa siku, saa kumi jioni, na huwa inajaa.

Adabu zake ni hizi. Vaa gauni la kijivu na viatu vya kufunika, kandambili zisitoke hata kwenye begi. Getini jitambulishe mara moja, ukae mbali na kaunta, usimsimamie ofisa kichwani kumuuliza vipi, bado? Usimwambie abiria yeyote kwamba umepanda bure. Kiti usichague, hata kikiwa cha kati karibu na choo sema asante. Usiombe chakula cha pili. Ukiambiwa imejaa, sema asante hivyo hivyo, urudi kesho. Na kubwa kuliko yote: usieleze shida zako. Wageni wa wafanyakazi hawaombi, hawalii, hawanung'uniki. Kila utakachofanya kitaandikwa kwa jina langu, si kwa lako. Mwenzangu wa kaunta ya tatu, mjomba wake aligombana na mhudumu kwa ajili ya blanketi, na mpaka leo tiketi za huyo mwenzangu zimefungwa.

Ningekwenda mwenyewe, unajua. Tumbo limepita wiki zinazoruhusiwa hewani. Na mama amekutaja wewe. Upasuaji ni Ijumaa asubuhi, ni mdogo, usiogope. Ila nataka uwe umefika.

Mjukuu wako,
Sindano


Jumatatu, tarehe 9 Machi, jioni

Wewe Sindano,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini kukaa na watu sikufundishwa na kampuni ya ndege. Miaka thelathini na nane nimeshona sare za shule. Nimepima viuno vya walimu wakuu na vya watoto wao wenye makamasi, na hakuna aliyetoka kwangu akasema yule mama hana adabu. Leo mtoto niliyemfunga nepi ananiandikia nisiombe chakula cha pili. Hicho cha kwanza chenyewe kilikuwa mkate mmoja kama kifutio cha penseli. Cha pili cha nini?

Haya, nimefanya yote. Gauni la kijivu, viatu vya kufunika, vidole vyangu vimevimba kama vitunguu. Nimefika geti namba saba saa saba kasoro, nimejitambulisha, nimekaa mbali. Nimekaa masaa matatu. Saa kumi kasoro robo akatokea bwana mmoja, fundi wa injini zenu, anakula karanga, hajakaa hata kidogo. Jina lake likaitwa. Akaingia na karanga zake. Kisha yule ofisa wa geti akaniambia, "Mama, imejaa, kesho." Nikasema asante. Ilinikwama kooni kama mfupa wa samaki lakini niliitoa.

Huyo ofisa ni kijana mzuri, ila pindo la suruali yake limefumuka mguu wa kushoto, anatembea analikanyaga. Nilimwambia. Nilikuwa na sindano na uzi mkononi, nikainama nimshikizie mishono mitatu tu, akaruka kama nimemchoma. Siku hizi mtu hasaidiwi.

Nimepata chumba kizuri kwa mama mmoja karibu na uwanja. Kitanda, shuka safi, dirisha. Usihangaike.

Mama yako usimpe salamu zangu. Miaka tisa sijamwandikia, siwezi kuanza kwa salamu za kupitia kwa mtu. Aliniambia anakuacha kwangu mwaka mmoja. Mwaka! Wewe ulikuwa na miaka kumi na tano, sasa una tumbo. Barua zake zote ziko kwenye kopo la vifungo. Nimezisoma, usidhani sikuzisoma. Sikujibu tu. Haya nitakayomwambia ni ya mdomo na mdomo, ndiyo maana nimepanda hiki chuma.

Kula. Usisimame kaunta siku nzima.

Bibi yako


Jumanne, tarehe 10 Machi, jioni

Bibi, shikamoo.

Bibi, pindo! Unajua imeandikwaje? "Mgeni wa mfanyakazi alishika sare ya ofisa akiwa kazini, akiwa na kitu chenye ncha." Nimeitwa ofisini leo asubuhi. Mkuu wa kitengo amenisomea kwa sauti, mimi nimesimama na tumbo langu, na wenzangu wawili nyuma ya kioo wanacheka. Nimepewa onyo la mdomo. Likija la pili ni la maandishi, na tiketi zinafungwa, zangu na zako, hata ukiwa katikati ya njia. Na mimi bado sijathibitishwa kazini, Bibi. Mtoto akizaliwa bila kazi hii sijui tutafanyaje.

Nakupigia magoti juu ya karatasi: kaa kimya. Usimrekebishe mtu. Usimsaidie mtu. Hata ukiona moto umewaka, acha aseme mwingine.

Na jambo jingine. Dada mwenye mwanya amekukuta leo mchana umelala kwenye viti vya geti namba saba, viatu umeviweka chini ya kichwa. Chumba kiko wapi? Kitanda kiko wapi? Kwa nini unanidanganya, mimi?

Mama yuko vizuri. Anakula. Usiwaze.

Sindano


Jumatano, tarehe 11 Machi, jioni

Sindano,

Marahaba. Yule mwenye mwanya naye ana mdomo kama redio. Ndiyo, nimelala kwenye viti. Jina linaweza kuitwa wakati wowote, nikalale mbali nifanye nini? Viti vyenyewe vina vyuma vya kugawanya, mbavu zangu nimezihesabu zote, ziko kamili. Gauni nalifua kwenye sinki la choo cha wanawake na kulianika kwenye mgongo wa kiti huku nimejifunga shuka. Limeanza kuvutika upande mmoja. Kitambaa kile nilijua tangu nakinunua kwamba hakipendi maji.

Jana nafasi hazikuwepo hata moja. Tuko wanne sasa tunaokaa pamoja kama mafiga yaliyozidi moja. Kuna mke wa rubani, ana marashi ya kukata pumzi na begi la magurudumu ambalo haliweki chini bila kulipangusa. Kuna mpishi wa jikoni lenu linalopika vyakula vya ndege, mtu mnene, mpole, anasinzia. Kuna kijana wa kupakia mizigo, anakwenda kwenye harusi ya dada yake Jumamosi, anaangalia saa kila dakika kama ni saa inayorusha ndege. Wote wako juu yangu kwenye orodha. Mke wa rubani ameniuliza, "Wewe ni wa nani?" Nikamwambia mimi ni wa mama yangu na baba yangu. Hatujazungumza tena.

Sasa nikueleze ya leo, uone kama Bibi yako hana adabu.

Barua yako nimeipata saa sita. Nimeisoma, nimeikunja, nikaiweka kifuani. Saa tisa na nusu amekuja msimamizi wa zamu, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo. Akashika kipaza sauti. Akasema, "Nina kiti kimoja. Kabla sijafuata orodha: kati ya wanaosubiri nafasi, kuna yeyote mwenye mgonjwa mahututi huko tuendako?"

Akaniangalia. Sindano, aliniangalia mimi, tena sana. Akarudia. "Kuna yeyote mwenye mgonjwa? Aseme tu."

Ulimi ulikuwa umeshapanda. Lakini nikajisemea, hawa wananipima. Jana wamemsomea mjukuu wangu, leo wanataka waone kama yule bibi wa pindo atafungua tena mdomo. Nikaangalia viatu vyangu. Nikahesabu matundu ya kamba, kumi na mawili. Msimamizi akashusha pumzi, akaita jina la juu. Akainuka bwana mmoja aliyekuwa amefika muda huo huo na mfuko wa raketi. Anakwenda kucheza tenisi! Akaingia, mlango ukafungwa, na mimi nikasema asante, ingawa hakuna aliyekuwa amenipa kitu.

Umefurahi? Bibi yako hakuomba, hakulia, hakunung'unika. Waandike hilo nalo.

Kesho ni Alhamisi. Ndege ya kesho ndiyo ya mwisho ya kunifaa. Na nimekuwa nikiwaza hapa kitini. Mtu hamtaji mama yake, baada ya miaka tisa, kwa upasuaji mdogo. Niambie ukweli, au nyamaza kabisa, lakini usiniandikie tena kwamba anakula.

Bibi yako


Jumatano, tarehe 11 Machi, usiku

Bibi, Bibi, Bibi,

Lile swali lilikuwa lako.

Asubuhi nilikuwa nimeshampa dada mwenye mwanya barua, ameshaondoka nayo, ndipo hospitali wakanipigia kwamba hali ya mama imezidi. Nikaenda chooni nikalia, nikatoka nikampigia msimamizi wa zamu wa huko. Simfahamu. Nimemwomba kama nilivyokuomba wewe. Akasema hawezi kukuita kwa jina ukiwa chini ya orodha, itakuwa upendeleo, wenzake watamshitaki. Lakini akasema kanuni inamruhusu kuuliza hadharani kama kuna mwenye mgonjwa mahututi, na anayejibu anapewa kiti. "Bibi yako ajibu tu," akasema. Nikacheka, Bibi. Nikamwambia usiwe na wasiwasi, bibi yangu hajawahi kuachia swali lipite.

Amenipigia jioni. Amesema ameuliza mara mbili na hakuna aliyeinua mkono.

Ni mimi niliyekunyamazisha. Nimekuandikia hata moto ukiwaka.

Sasa ukweli. Si upasuaji mdogo. Ni kichwani. Madaktari wamesema anaweza asitoke, na akitoka anaweza asitujue. Wiki nzima nimekudanganya kwa sababu nilijua ukijua hutaweza kukaa kimya, na nilikuwa naihofia kazi yangu. Nimeihofia kazi kuliko mama yangu mzazi. Liweke na hilo kwenye kopo la vifungo.

Msimamizi huyo kesho hayupo zamu. Yupo yule wa pindo, naye hatauliza kitu. Bibi, sema. Usisubiri kuulizwa. Piga kelele, vunja yote niliyokuandikia. Waache wanifukuze.

Sindano


Alhamisi, tarehe 12 Machi, saa saba na nusu mchana

Sindano,

Mwenye mwanya amesimama hapa ananisubiri, kwa hiyo ni maneno machache.

Nimesoma. Nimeinuka nikaenda mpaka kwenye kioo, nikaziangalia ndege, nikarudi. Mpishi ameniuliza kama naumwa.

Wewe ni mjinga. Ungeniambia tangu Jumapili ningetembea kwa miguu. Miaka yote hii nimekulea, bado hunijui? Mimi siwezi kunyamaza kwa hasira, lakini kwa ajili ya mtu wangu nanyamaza mpaka nipasuke. Nimeonyesha jana. Nimenyamaza kwa ajili yako na nimemuua mwingine, labda.

Na mimi pia ni mjinga, tusisingiziane. Alinitazama machoni yule mwanamke. Nikadhani ni mtego. Miaka tisa nilikuwa nikidhani kila barua ya mama yako ni mtego.

Leo nikifungua mdomo unapoteza kazi na mtoto yuko njiani. Nisipofungua, sitamwona. Umeniambia niseme, lakini umeandika ukiwa unalia, na mtu haachi kazi huku analia. Nimejaribu kupima kama ninavyopima kitambaa, huku kiasi gani, kule kiasi gani. Hakipimiki.

Anasema muda umekwisha. Nenda ukalale. Pandisha miguu.

Bibi


Ijumaa, tarehe 13 Machi

Bibi, shikamoo, popote ulipo.

Hii naituma hospitali kwa mkono wa mhudumu anayelala mji huo leo. Kama haupo itarudi.

Jana saa kumi na nusu nilifungua orodha kwenye kompyuta. Jina lako limetoka. Bibi, jina likitoka lina maana mbili tu: ama mtu amepanda, ama ameondolewa. Kompyuta haisemi ipi. Nimekaa naliangalia lile pengo mpaka zamu ikaisha. Mke wa rubani yupo bado. Mpishi yupo, wa mizigo yupo. Wewe tu haupo, na ulikuwa chini yao wote. Kwa akili ya kazi hii jibu ni moja, umeondolewa.

Nimewapigia hospitali mara nne. Wanasema mgonjwa ameingizwa chumba cha upasuaji saa moja na nusu asubuhi. Nikauliza kama kulikuwa na mtu wake. Wakasema hawajui, zamu imebadilika.

Saa tano nimeitwa ofisini. Karatasi mbili. "Mgeni alipiga kelele getini, akatangaza hadharani aina ya tiketi yake, akazuia kazi." Tiketi zangu zimefungwa mwaka mzima, zangu na za wageni wangu. Kazi sijafukuzwa. Nimerudishwa nyuma, kwenye vyeti vya mizigo iliyopotea, na kuthibitishwa kumesogezwa mbele. Mkuu wa kitengo akaniuliza kama nina la kusema. Nikamwambia ninalo: je, alipanda? Akasema hilo si sehemu ya shauri.

Nimesaini. Kwa hiyo umesema, Bibi. Angalau najua ulisema.

Nijibu. Hata neno moja.

Sindano


Jumapili, tarehe 15 Machi

Sindano wangu,

Marahaba. Nimepanda.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana wewe ukisikia nusu unaanza kulia.

Alhamisi nilikaa mpaka saa kumi kasoro ishirini. Yule kijana wa pindo akashika karatasi yake. Kiti kimoja. Nikasimama kabla hajaita. Nilisema kwa sauti ile ya kuwaita watoto wanaokimbia na mita ya kupimia shingoni. Nikasema: "Mimi ni mgeni wa mfanyakazi. Nimepanda bure. Niko chini kabisa na sina haki. Mwanangu anapasuliwa kichwa kesho asubuhi, na miaka tisa sijaongea naye, kwa kiburi changu, si chake. Nimemaliza."

Yote uliyonikataza kwa pumzi moja. Hata chakula cha pili ningekiomba kama kingekuwepo.

Kijana akasema, "Mama, kaa chini au naita walinzi." Nikamwambia waite, nitawashonea na wao. Akageuka, akafuata orodha yake. Akamwita mke wa rubani.

Yule mwanamke akainuka. Akachukua begi lake la magurudumu, akajipangusa, akaenda kaunta taratibu, marashi yakimfuata. Mimi nikasema basi, ndiyo imekwisha. Akafika pale akasema, "Napisha."

Kijana akasema, "Ukipisha unashuka mwisho wa orodha."

Akamwambia, "Mwanangu, kanuni hizo nilizijua wewe hujaota meno. Napisha. Ita anayefuata."

Akaitwa mpishi. Alikuwa amesinzia, wakamtikisa. "Napisha," akasema, akarudi kwenye usingizi wake. Akaitwa kijana wa mizigo. Huyo akaangalia saa. Akaniangalia. Akaangalia saa tena, harusi ya dada yake Jumamosi. Akasema, "Napisha, lakini mama apunguze sauti, masikio yanauma."

Ndipo likaitwa jina langu. Yule wa pindo alilitoa kama mtu anayetema mbegu. Kiti cha kati, karibu na choo. Sikuchagua. Nilisema asante, na safari hii haikunikwama.

Mke wa rubani sikumshukuru. Nilipita mbele yake nikashindwa. Umtafute. Mwambie begi lake zipu ya mfuko wa mbele inataka kukatika, nikirudi nitamtengenezea.

Nimefika usiku, hospitali hawakuniruhusu juu. Nikakaa ukumbini. Viti vyao vina mito, lakini sikufumba jicho. Asubuhi, saa moja haijafika, akatoka muuguzi na karatasi, akasema, "Kuna mtu wa kitanda cha kumi na n—" Sindano, sikumwachia amalize. Nilisema "MIMI" mpaka mtu mmoja akamwaga chai.

Nikapelekwa. Wamemnyoa kichwa. Yuko mwembamba, nimejua sasa wewe wembamba wako umeutoa wapi. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, polepole, na unajua neno la kwanza? "Mama, gauni lako limevutika upande." Miaka tisa! Nikamwambia na wewe umekonda kama mpini wa ufagio, nani anakulisha hapa? Nikamwambia shuka lake limetandikwa vibaya, nikaanza kulitengeneza. Akanishika mkono akasema niache. Nikawa naliandaa lile neno, lilikuwa limefika kwenye meno. Wakaja wawili wakaanza kusukuma kitanda. Nikatembea nao. Walipofika kwenye milango miwili wakanizuia. Ikanibidi nipige kelele tena, korido nzima imesikia: "Nisamehe, nilizisoma zote!"

Akainua mkono, bila kugeuka. Sijui kama ulikuwa wa kunisamehe au wa kuniambia ninyamaze. Nimeuwaza mkono ule siku mbili.

Wamekaa naye masaa saba. Ametoka anapumua. Hajafungua macho, jana hakufungua, leo bado. Daktari anasema kusubiri. Nikamwambia kusubiri ninakujua, niulize mimi. Lakini nikwambie ukweli, kwa kuwa tumekatazana uongo: naogopa. Ninaogopa kuliko nilivyoogopa getini. Kule nilikuwa na mtu wa kugombana naye.

Barua yako nimeipata jana. Tiketi zimefungwa mwaka mzima, basi nami nimefungiwa huku, maana tiketi ya kurudi ilikuwa hiyo hiyo. Mtoto atazaliwa sipo. Usilie kwenye mizigo iliyopotea, watadhani na wewe umepoteza. Droo ya chini ya cherehani, vuta kwa nguvu, inakwama. Kuna vishati sita vya kichanga. Ulivyoniuliza mwezi ule nikakuambia ni vitambaa vya kufutia mashine, nilikuwa nakudanganya. Vya kwanza viwili ni vya siku saba za mwanzo, mishono nimeigeuzia nje isimkwaruze.

Hapa kitandani wanaruhusu mtu mmoja, na kiti ni kimoja. Jana jioni amekuja mtu wa ofisi, eti kiti hiki ni cha wauguzi, eti jina langu halipo kwenye orodha ya wanaolala na wagonjwa. Nikamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yote uliyonifundisha. Sikunung'unika, sikulia.

Sikuinuka pia. Mama yako akifungua macho ataniona mimi kwanza. Nimekaa.

Bibi yako